Picha mbaya ikifika kwenye simu yako, ikomee hapo



Vikundi vyetu vya WhatsApp vinatusaidia sana: habari za mikutano, za likelemba, za misiba, zote tunazipata humo. Lakini mara nyingine inaingia video ya mtoto anayetendewa mabaya, picha ya msichana aliye uchi, au sauti inayochochea watu wachukie kabila fulani.

Wengi wetu tunaituma mbele kwa huruma: “Jamani, muone! Tumtafute mama yake!” Nia ni njema, lakini mtoto huyo anaaibishwa tena kila mara picha inapofika kwenye simu nyingine.

Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda kila mtoto aliye chini ya miaka 18 na inaadhibu picha za ngono za watoto. Sheria ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu makosa yanayofanywa kwa njia ya intaneti, kama vile kueneza chuki ya kikabila.

Basi tufanye nini?

Kama ni picha ya mtoto, usiitume kwa mtu yeyote, wala usiipige picha ya skrini. Andika kwenye karatasi namba iliyoituma, jina la kikundi, siku na saa, uipeleke polisi wanaoshughulikia ulinzi wa watoto. Kisha msimamizi wa kikundi aifute kwa wote. Kama mtoto ni wa kwenu, nendeni na simu yenyewe kabla ya kufuta chochote.

Kwenye WhatsApp, bonyeza ujumbe kwa muda, gusa vitone vitatu, uchague “Signaler”. Aliyetuma hataambiwa kwamba ni wewe.

Kama ni vitisho au matusi, hapo piga picha ya skrini, namba na tarehe vionekane. Ndio ushahidi wako.

Kama mtu anamtisha binti yako, “Nitumie pesa ama nitaonyesha picha zako,” msilipe. Akilipwa leo, kesho ataomba tena. Tunzeni ujumbe wake wote, kisha mfungieni namba. Kuna pia huduma ya bure kwenye intaneti, Take It Down, kwa picha za walio chini ya miaka 18. Inatengeneza alama ya picha bila picha yenyewe kutoka kwenye simu, na mitandao kama Facebook na TikTok inaitumia alama hiyo kuitafuta na kuiondoa.

Jambo la mwisho, nalo ni kubwa. Binti akija kukuambia, usimpige, usimnyang’anye simu, usimwite malaya. Anayemtisha anategemea kitu kimoja: kwamba mtoto anamwogopa mama yake kuliko yeye. Tukae na watoto wetu juma hili, tuwaambie wazi: “Hata kama ulikosea, uje kwangu kwanza.”