Kuku Aliyeiva Nje na Mbichi Ndani

Mwenye daftari na alifungue, na mwenye kalamu na aishike, maana leo tuna maneno mawili mageni ya kuandika na hesabu kidogo ya siku. Mwalimu wa darasa, ukiona tumekwenda mbio, tafadhali wasomee wanafunzi tena, polepole, kutoka katika karatasi hii.

Leo tutasema juu ya kuku. Hatusemi juu ya kumfuga, bali juu ya kumla akiwa hajaiva. Hakuna mtu anayekusudia kula kuku mbichi. Jambo hili hutokea kwa bahati mbaya. Umealikwa karamuni, au umenunua paja la kuku wa kuchoma njiani jioni. Taa ni hafifu, na wewe una njaa. Ngozi imekauka vizuri, ina rangi ya kahawia, inanukia. Unauma mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu unaona nyama iliyo karibu na mfupa ni nyekundu, inateleza, tena ni ya baridi. Nawe umekwisha kumeza. Je, ujitapishe? Ukanunue vidonge dukani? Tutafika huko. Lakini kwanza tuulize: kuku yule aliivaje nje akabaki mbichi ndani?

Kumbukeni kuku wa kienyeji. Jogoo wa mwaka mmoja au miwili ana nyama ngumu. Ukimtoa jikoni mapema, meno yako yatakuambia mara moja, kwani hutaweza kumtafuna. Kwa sababu hiyo mama zetu walimchemsha saa nzima au zaidi, wakaongeza maji, wakaongeza kuni, mpaka nyama ikaanza kuachana na mfupa. Walikuwa wakitafuta ulaini tu, lakini pamoja na ulaini walipata na usalama.

Kuku wa kisasa wa nyama ni mwingine kabisa. Huchinjwa akiwa na majuma matano au sita tu tangu kutotolewa. Kwa kweli ni kifaranga mwenye mwili mkubwa. Nyama yake ni laini hata kabla haijaiva sawasawa. Basi meno, ambayo zamani yalikuwa kipimo chetu, hayana la kutuambia juu yake. Mpishi anabonyeza kwa kidole, anaona laini, anasema, "Tayari." Na pengine kuku huyo alitolewa katika friji saa ile ile, barafu ingali imeshika mfupa, akawekwa juu ya mkaa mwekundu. Moto mkali huunguza ngozi kwa dakika chache, lakini joto huingia ndani ya nyama polepole sana. Ngozi inaungua huku ndani barafu inayeyuka tu. Ndiyo maana nasema kwamba njia ya zamani ya kupika ilikuwa na akili kuliko tunavyodhani, na kwamba anayepika kuku wa kisasa hana budi kuwa mwangalifu zaidi, si kidogo zaidi.

Sasa, kuna nini ndani ya nyama hiyo mbichi? Kuna vijidudu, yaani viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, ila kwa hadubini. Andikeni neno la kwanza: salmonela. Lisomeni kwa vipande: sal-mo-ne-la. Wengine hudhani jina hili limetoka kwa samaki aitwaye salmoni. Sivyo. Limetoka kwa daktari wa mifugo wa Marekani, Daniel Salmon. Mwaka 1885 msaidizi wake, Theobald Smith, alimpata kijidudu huyu katika nguruwe wagonjwa. Kazi aliifanya Smith, lakini jina lililobaki ni la mkubwa wake. Mambo kama haya hayakuanza leo.

Neno la pili ni refu: kampilobakta. Kam-pi-lo-bak-ta. Huyu amejipinda kama nyuzi ya kizibuo cha chupa. Kwa miaka mingi aliwaumiza watu bila kujulikana kwamba ni yeye, kwa kuwa ilikuwa vigumu kumkuza katika maabara. Ni mwaka 1972 ndipo wataalamu wa Ubelgiji walipofaulu kumtoa katika choo cha wagonjwa wa kuhara, na mwaka 1977 Dakta Martin Skirrow wa Worcester, Uingereza, akaonyesha kwamba alikuwa akiwaharisha watu wengi. Siku hizi anahesabiwa miongoni mwa visababishi vikuu vya kuhara duniani kote. Na nyumba yake aipendayo ni utumbo wa kuku.

Hapa sikilizeni vizuri. Kuku mwenye vijidudu hivi mara nyingi haumwi. Anadonoa, anakimbia, ana manyoya mazuri. Nyama yake hainuki. Unapomchinja na kumpasua, kinyesi kidogo kikigusa nyama, vijidudu vimekwisha hamia. Kwa hiyo usiseme, "Kuku wangu ni mzima, nimemfuga mwenyewe." Ndimu haiwaui vya kutosha. Pilipili haiwaui. Siki haiwaui. Ndimu hubadili rangi ya nyama ikawa nyeupe kama iliyoiva, na hilo ni hatari zaidi kwa sababu linadanganya macho. Hata maji ya moto ya kunyonyolea manyoya hayapiki kitu. Kinachowaua ni joto likifika mpaka ndani kabisa. Wataalamu wa Marekani wameweka kipimo cha digrii 74 za sentigredi katikati ya nyama, pale penye unene. Maji yachemkayo pwani yana digrii 100. Kule nyanda za juu, kama Mbeya au Nairobi, maji huchemka chini kidogo ya hapo, lakini bado yanapita 74 kwa mbali. Kwa hiyo kuku aliyetokota vizuri katika sufuria, akiwa amekatwa vipande, hana neno. Wasiwasi wetu ni juu ya yule wa kuchoma na wa kukaanga.

Mwenye kipimajoto cha nyama na akitumie. Wengi wetu hatuna. Basi fanya hivi: kabla ya kumweka motoni hakikisha barafu imekwisha kabisa, kisha lichanje paja kwa kisu mpaka mfupani, mara mbili au tatu, ili moto upate njia. Au mchemshe kwanza katika maji yenye chumvi na tangawizi, ndipo umchome au umkaange. Wauzaji wengi wa chipsi na kuku hufanya hivyo, nami nawasifu, ingawa wengine hufanya ili kupunguza gharama ya mafuta.

Unapotaka kujua kama ameiva, usitazame ngozi. Tazama pale paja linapoungana na mwili, maana hapo ndipo moto hufika mwisho. Choma kisu mpaka mfupani. Maji yatokayo yawe maangavu, yasiwe na wekundu. Nyama iachane na mfupa, na mvuke wa moto utoke ndani. Huenda mmoja wenu atasema, "Mwalimu, nimechemsha kuku saa nzima, na bado mfupa una wekundu." Ni kweli. Mifupa ya kuku mchanga ni laini, na rangi ya uboho hupenya ikatia wekundu katika nyama iliyo jirani, hasa kama kuku alikuwa amegandishwa. Kwa hiyo rangi peke yake si hakimu mzuri. Lakini kama huna kipimajoto na moyo una shaka, mrudishe jikoni. Dakika kumi za moto ni rahisi kuliko juma la kuhara.

Na firigisi na maini? Baba mwenye nyumba aliyewekewa sehemu hizi kwa heshima asile zikiwa zimepitishwa tu motoni. Kampilobakta huweza kuwa ndani ya ini lenyewe, si juu yake tu. Ini liive mpaka katikati pasiwe na wekundu wala utelezi.

Kuna njia nyingine ya kula kuku mbichi ambayo watu hawaifikirii, nayo pengine inaumiza wengi kuliko paja lenye wekundu. Mama amekata kuku juu ya ubao. Amefuta ubao kwa kitambaa. Kisha, juu ya ubao ule ule na kwa kisu kile kile, amekata nyanya na vitunguu vya kachumbari. Kuku anakwenda jikoni, anaiva, vijidudu vyake vinakufa. Kachumbari haiendi jikoni. Inakwenda mezani moja kwa moja. Hapo wote wanaokula wameonja kuku mbichi bila kumwona. Dawa yake ni rahisi: kata kachumbari kwanza, iweke mbali na ifunike, ndipo umshike kuku. Ukimaliza, osha ubao, kisu na mikono kwa sabuni na maji. Mwaka 2014 wakuu wa mambo ya chakula wa Uingereza waliwaomba watu waache kabisa kuosha kuku mbichi, kwa sababu matone huruka mpaka kwenye sahani na vikombe. Kwetu sisi, tunaochinja nyumbani, kuku mwenye damu na manyoya hana budi kuoshwa. Basi mwoshe taratibu katika beseni, mbali na vyombo safi, na maji yale yamwagwe mbali.

Sasa ile hesabu ya siku. Andikeni: umekula kuku Jumapili. Jumatatu hujambo, umekwenda kazini. Jumanne umekula maharage kwa jirani. Jumatano usiku tumbo linakusokota, unahara, una homa. Utamlaumu nani? Utalaumu maharage ya jirani, na pengine urafiki utaharibika. Lakini kampilobakta kwa kawaida hukaa siku mbili mpaka tano kabla ya kuonyesha dalili. Salmonela huwahi zaidi: mara nyingi ni kati ya saa 12 na 36, ingawa huweza kuanza baada ya saa 6, au kuchelewa siku kadhaa. Kwa hiyo ukihara, usihesabu mlo wa mwisho tu. Rudi nyuma siku tano au sita.

Tumrudie mtu wetu aliyemeza. Ndugu, kwanza wazuie wenzako walio katika sinia hilo. Ikiwa ni ugenini na unaona haya, sema kwa adabu, "Mama, naomba kipande hiki kirudi jikoni kidogo." Mwenyeji mwema hatakasirika. Usijitapishe, wala usinywe mafuta au sabuni. Usimeze vidonge vya kuua vijidudu kabla hujaugua. Si kila kuku ana vijidudu, wala si kila tonge huleta ugonjwa. Wengi hawatapata lolote. Endelea na kazi zako, lakini weka tarehe akilini.

Tumbo likianza kuharisha, adui mkubwa ni kukauka maji mwilini. Nunua pakiti ya chumvi na sukari ya kuzuia kukauka, au uipate zahanati, uikoroge kama ilivyoandikwa. Kama haipo, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kufutwa juu, visiwe vya mlima. Chumvi isizidi, maana ikizidi inadhuru, hasa mtoto. Onja: isiwe na chumvi kuliko machozi. Kunywa kidogo kidogo, kila mara. Mtoto anyonyeshwe kama kawaida. Watu wengi hupona wenyewe kwa muda wa juma moja. Dawa za kufunga choo msizitumie kama kuna damu au homa, na antibaiotiki msijinunulie. Nyingi hazisaidii ugonjwa mwepesi wa namna hii, na zikitumiwa ovyo huwafundisha vijidudu kuzishinda.

Lakini kuna wakati usingoje. Nenda hospitali ukiona damu katika choo, au homa kali, au unatapika kila unachokunywa, au mkojo umekuwa mchache na wenye rangi nzito, au kuhara kumepita siku tatu. Mtoto ambaye macho yake yameingia ndani, au amelegea hataki kunywa, apelekwe saa ile ile, hata kama ni usiku. Wajawazito, wazee, na wenye virusi vya UKIMWI nao wasisubiri. Vivyo hivyo mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, kwa sababu salmonela huweza kuingia katika damu yake na kukaa mifupani. Na mara chache sana, majuma machache baada ya kuhara kwa kampilobakta, miguu ya mtu huanza kuishiwa nguvu, udhaifu ukipanda juu siku kwa siku. Huyo naye apelekwe upesi, hata kama tumbo limekwisha pona.

Ukifika kwa daktari, usimwambie tu, "Tumbo linauma." Mwambie ulikula kuku asiyeiva, na umtajie siku. Ile tarehe uliyoiweka akilini ndiyo atakayoitaka. Mwambie pia kama wengine waliokula pamoja nawe wanaumwa.

Somo letu linaishia hapa. Mwalimu wa darasa sasa atawasomesha yale maneno mawili, kisha kila mmoja aandike siku alizokula nyama ya kuku juma hili na namna ilivyopikwa. Kwaherini.