Michezo kwa Wenye Ulemavu wa Akili: Udhaifu wa Mwili Hutoka Wapi?

Kwa muda mrefu madaktari na walimu wa nchi nyingi waliamini jambo moja bila kulipima: kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili ana mwili dhaifu kwa sababu ya akili yake. Ushahidi ulionekana kuwa wazi. Watoto hao walipopelekwa uwanjani walichoka upesi, mikono yao haikudaka mpira, na pumzi iliwaishia mapema kuliko wenzao. Ikahitimishwa kwamba ubongo uliochelewa kukua umeuchelewesha na mwili, na kwa hiyo kuwafanyisha mazoezi ni kuwatesa bure. Hitimisho hilo lilikuwa na kasoro ambayo mwanafunzi yeyote aliyefundishwa maana ya jaribio angeweza kuigundua, lakini ilichukua miaka mingi kabla ya mtu kuigundua.

Ulemavu wa akili ni hali ambayo uwezo wa mtu wa kujifunza, kufikiri na kuyamudu mambo ya kila siku uko chini sana ya kiwango cha kawaida, na ambayo huanza kabla ya utu uzima. Vipimo vya akili ambavyo wastani wake ni 100 huweka mpaka karibu na 70; hata hivyo namba hiyo peke yake haitoshi, kwani huangaliwa pia kama mtu anaweza kujivika nguo, kuhesabu chenji, kujieleza na kujihadhari na hatari. Sababu zake ni nyingi: kromosomu iliyozidi, kukosa oksijeni wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, au mama mjamzito kupungukiwa madini joto. Hali hii si ugonjwa wa akili, ingawa watu wengi huyachanganya mambo haya mawili. Maneno kama zezeta na taahira, ambalo la pili lilipata kutumiwa hata na wasomi, yamekuwa matusi, wala hayamsaidii mtu yeyote kuielewa hali yenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa Kanada, Frank Hayden, akiwa katika Chuo Kikuu cha Toronto, aliwapima watoto wenye ulemavu wa akili ili kujua nguvu na uvumilivu wa miili yao. Alikuta kwamba kiwango chao ni takriban nusu ya kile cha watoto wengine wa rika lao. Mpaka hapo hapakuwa na jipya. Matokeo hayo yangeweza kuchukuliwa kuwa uthibitisho wa imani ya zamani. Jipya lilikuwa swali alilouliza baada ya hapo. Watoto wale walikuwa na mambo mawili kwa pamoja: walikuwa na ulemavu wa akili, na walikuwa hawachezi. Shuleni walikalishwa wakati wengine wakikimbia. Mtaani hakuna aliyewachagua katika timu. Nyumbani walizuiwa kutoka, kwa hofu au kwa aibu. Je, ni lipi kati ya mambo hayo mawili lililowadhoofisha?

Swali la namna hiyo halijibiwi kwa kutazama tu. Mambo mawili yanapokwenda pamoja siku zote, macho hayawezi kuyatenganisha. Budi moja libadilishwe na jingine liachwe kama lilivyo. Ulemavu wa akili hauwezi kuondolewa, lakini kukaa bure kunaweza. Basi Hayden akatumia kundi la kulinganishia, na ikadhihirika kwamba watoto hawa wakipewa nafasi na mazoezi ya kufaa, miili yao hupata nguvu na ustadi kama ilivyo miili ya watu wengine. Sehemu kubwa ya udhaifu uliohesabiwa kuwa wa kuzaliwa ilikuwa ni matunda ya kunyimwa uwanja. Mwaka 1964 Hayden alitoa kitabu cha mwongozo wa mazoezi kwa ajili ya walimu.

Wakati huohuo, nchini Marekani, Eunice Kennedy Shriver, dada yake Rais John Kennedy, alikuwa ameanza jambo lililofanana na hilo bila maabara. Mwezi Juni 1962 alifungua kambi ya michezo ya mchana katika uwanja wa nyumba yake, Maryland, akawaalika watoto wenye ulemavu wa akili waje kuogelea, kupanda farasi na kucheza mpira, kila mmoja akiwa na kijana wa kumsaidia. Njia hizo mbili zilikutana tarehe 20 Julai 1968 katika uwanja wa Soldier Field mjini Chicago, ambako wanamichezo wapatao 1,000 kutoka majimbo 26 ya Marekani na kutoka Kanada walishindana katika mashindano ya kwanza ya Special Olympics. Mbio mojawapo ya siku hiyo ilikuwa ya yadi 50, yaani takriban mita 46. Miaka iliyofuata ilionyesha jinsi kipimo hicho kilivyokuwa cha woga. Loretta Claiborne wa Pennsylvania, ambaye alichelewa sana kutembea na kusema utotoni, na ambaye alijiunga na michezo hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, amekimbia marathoni zaidi ya 20. Na kila marathoni ni kilometa 42 na mita 195.

Hata hivyo lingekuwa kosa jingine la kisayansi kudai kwamba mwili hauhusiki kabisa. Mfano ulio bayana ni watu wenye hali ya Down, ambao wana kromosomu ya 21 mara tatu badala ya mara mbili, kama Jérôme Lejeune na wenzake walivyotangaza huko Ufaransa mwaka 1959. Misuli yao huwa milegevu tangu utotoni, na karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo. Zaidi ya hayo, moyo wao hauwezi kufikia kasi ya mioyo mingine. Kijana wa miaka 20 akikimbia kwa nguvu zake zote, moyo wake hupiga kama mara 200 kwa dakika. Wa kijana mwenzake mwenye hali ya Down aghalabu huishia mapigo 20 hadi 30 chini ya hapo. Mwalimu anayeshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo, kisha akamkaripia mwanafunzi wa namna hii kuwa ni mvivu, amesoma hesabu sawasawa na kuifasiri vibaya. Tena, kwa baadhi yao mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo haikushikamana imara. Kupiga kichwa mpira au kubingirika kwa kichwa kunaweza kuubana uti wa mgongo. Michezo ya aina hiyo iepukwe mpaka daktari atakapoithibitisha shingo. Lakini mtoto huyohuyo anaweza kukimbia, kucheza rede, kuruka kamba na kutupa tufe, na kwa mazoezi ya wiki 8 hadi 12, siku tatu kwa wiki, uvumilivu na nguvu za miguu yake huweza kuongezeka kwa kiasi cha kuonekana.

Kufundisha kwenyewe hakuhitaji vifaa vya gharama. Mwalimu huonyesha kitendo badala ya kukieleza kwa maneno mengi, hukigawa katika hatua ndogo, na hurudia hatua moja mpaka ikae. Pale mwanafunzi mwingine angetosheka na marudio matano, huyu pengine atahitaji hamsini. Wengi wa waliowahi kufanya kazi hii husema kwamba subira ya mwalimu ndiyo huchoka kwanza.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika kushindanisha. Tofauti za uwezo baina ya watu wenye ulemavu wa akili ni kubwa kuliko baina ya wanafunzi wa darasa la kawaida. Wakiwekwa wote katika mbio moja, mshindi hujulikana kabla ya filimbi. Suluhisho lililobuniwa ni la hesabu. Wanamichezo hupangwa kwa jinsia na umri, kisha hukimbia mchujo, na kwa muda walioupata hugawanywa katika makundi ya watu 3 hadi 8. Kwa miaka mingi mwongozo ulikuwa kwamba tofauti kati ya wa kwanza na wa mwisho katika kundi isizidi asilimia 15. Tuseme wakimbiaji kumi wa mita 100 wametumia sekunde 15.8, 16.9, 17.6, 18.1, 21.0, 22.4, 24.0, 30.5, 33.0 na 34.6. Wanne wa kwanza huwa kundi moja, kwani 18.1 imezidi 15.8 kwa asilimia 14.6, watatu wanaofuata huwa kundi la pili, na watatu wa mwisho kundi la tatu. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaweza kuyahakiki makundi hayo. Katika kila fainali mshindi hajulikani, na mwenye sekunde 34 ana sababu ya kujitahidi sawa na mwenye sekunde 16.

Bila upimaji wa uaminifu, mambo huharibika. Katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, timu ya mpira wa kikapu ya Hispania ilitwaa dhahabu katika kundi la wenye ulemavu wa akili. Baadaye ikagundulika kwamba wachezaji 10 kati ya 12 hawakuwa na ulemavu wowote. Adhabu iliwaangukia wasio na hatia: wanamichezo wenye ulemavu huo duniani kote walifungiwa nje ya Paralimpiki, wakarudishwa London mwaka 2012, baada ya wataalamu kutunga njia bora za kupima.

Tanzania na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizopeleka wanamichezo katika mashindano ya dunia ya Special Olympics huko Abu Dhabi mwaka 2019. Hayo huonekana magazetini. Mwili lakini haujengwi kwa safari ya ndege ya mara moja katika miaka minne. Hujengwa na Jumanne na Alhamisi za kawaida, katika uwanja ulio karibu na nyumbani. Shule za msingi zenye vitengo vya elimu maalumu mara nyingi hazipo mbali na shule ya sekondari yenye uwanja na vijana wenye nguvu. Tangu mwaka 1989 umeenea mtindo wa kuunda timu moja yenye wachezaji wenye ulemavu wa akili na wasio nao, na timu ya namna hiyo yaweza kuanzishwa bila kusubiri fungu lolote la fedha.

Klabu ya sayansi itakayopenda kujaribu, kwa ridhaa ya wazazi na baada ya watoto kuonwa na daktari, ichore mstari wa mita 30 kwa chokaa na kupima umbali anaotembea kila mtoto kwa dakika sita. Kipimo cha kwanza kichukuliwe mwezi Februari, kabla ya mazoezi kuanza, na cha pili mwezi Mei. Cha tatu kichukuliwe baada ya likizo ya katikati ya mwaka, kwa kuwa faida za mazoezi huanza kupotea baada ya wiki chache za kukaa. Hicho ndicho kitakachoonyesha kama mtoto alipokuwa nyumbani alicheza na wenzake au alikaa ndani.