Datsun 240Z na Utelezi wa Kangari

Masika yakishika Kangari, kwenye mashamba ya chai ya miteremko ya Nyandarua, udongo mwekundu hugeuka utelezi mtupu. Hapo ndipo wapenzi wa Safari Rally hubishana: Datsun 240Z lilikuwa gari la matope, au la lami tu?

Wanaolikosoa husema injini yake ya lita 2.4 ilikuwa mbele, na nguvu zikienda magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga mafuta kwenye kona, nyuma huyumba kama tezi ya jahazi lililokosa usukani. Wanaolisifu hujibu kwa ushindi: Edgar Herrmann mwaka 1971, Shekhar Mehta mwaka 1973.

Lakini mwaka 1973 una funzo kwa pande zote mbili. Mehta, mzaliwa wa Uganda, alitoka sare kwa alama na Harry Källström, aliyeendesha Datsun 1800 SSS yenye injini ndogo zaidi ya silinda 4. Ni kanuni ya kuamua sare iliyompa Mehta ushindi.

Basi, ndugu msomaji, chombo chema ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni nahodha, ajuaye lini akaze mafuta na lini ayaachie.