Basi Lijalo Liko Wapi? Teknolojia na Abiria wa Daladala

Adha ya msafiri wa daladala si foleni peke yake; ni kutojua. Aliyesimama kituoni saa kumi na moja alfajiri hawezi kuamua kama asubiri, apande bodaboda kwa gharama kubwa zaidi, au aanze kutembea, kwa kuwa hajui basi lijalo liko wapi. Teknolojia shirikishi, yaani ile inayomwezesha abiria kuuliza na kujibiwa, hulenga kuondoa hali hiyo.

Kifaa kinachofungwa ndani ya basi hutumia mawimbi ya setilaiti kutambua mahali gari lilipo, kisha hutuma taarifa hiyo kwenye kompyuta kuu kupitia mtandao wa simu. Kompyuta hukadiria dakika zilizosalia kabla basi halijafika katika kila kituo. Jijini London kila kituo kina namba ya tarakimu tano, na mwaka 2011 abiria waliwezeshwa kuituma kwa ujumbe mfupi na kujibiwa muda wa mabasi yanayokuja. Hivyo hata mwenye simu isiyo na intaneti hakuachwa nyuma.

Jijini Nairobi, ambako matatu ni mali ya watu binafsi kama zilivyo daladala zetu, kazi ilianzia kwenye ramani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti kutoka Marekani, walisafiri wakiwa na simu zilizorekodi njia na vituo. Mwaka 2014 ramani ya njia zaidi ya 130 ilitolewa kwa umma.

Hapa nchini, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hufuatilia mwendo wa mabasi ya masafa marefu kwa vifaa vya aina hiyo. Mawimbi yanayomsaidia msimamizi kudhibiti mwendokasi yanaweza pia kumsaidia abiria wa mjini kupanga safari yake.

Hata hivyo, ushirikishwaji una pande mbili. Kifaa huonyesha gari lilipo. Hakionyeshi mwanafunzi aliyekataliwa mlangoni. Hilo hulijua abiria. Daladala ikikatisha ruti au ikimwacha mwanafunzi, andika namba ya gari, mahali, tarehe na saa, kisha wasilisha taarifa LATRA. Lalamiko lisilo na mambo hayo manne ni vigumu kulifuatilia.