PIKIPIKI YAKO, MAFUTA YAKO, KAZI YA BOSI! Kodi nayo inasemaje?

Hivi wewe kijana wa Bariadi unayepiga mzigo kwa pikipiki yako mwenyewe, umeshawahi kujiuliza mafuta yale yanaingia kwenye hesabu ya nani? Asubuhi uko Somanda, saa nne umeshafika Dutwa, mchana unaitwa Lagangabilili, jioni bosi anapiga simu eti upitie Nyashimo ukamwone mteja. Tairi zako, breki zako, oili yako. Mwisho wa mwezi mshahara unakuja umeshakatwa kodi, kama vile ulikaa chini ya feni siku zote thelathini.

Vijiweni kuna stori kwamba ukikusanya risiti za sheli ukazipeleka TRA, unapunguziwa kodi. Kwa mtu aliyeajiriwa, stori hiyo haina ukweli, na wengi inawapotezea muda.

Sheria yenyewe ni ile ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Kifungu cha 11 kinaruhusu gharama kutolewa kwenye mapato kabla ya kukatwa kodi, lakini kinazungumzia biashara na uwekezaji. Mshahara haumo. Uwe unatembea kwa miguu au unachoma lita tano kwa siku, PAYE yako ni ile ile.

HESABU HII HAPA

Chukua kijana wa kampuni binafsi anayelipwa 500,000 kwa mwezi na kuchoma mafuta ya 100,000 kwa kazi ya bosi. Michango ya NSSF tuiweke pembeni ili hesabu iwe nyepesi. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2021, 270,000 ya kwanza haiguswi, na kutoka hapo hadi 520,000 unakatwa asilimia 8. Kwa hiyo anakatwa 18,400. Ukitoa na mafuta, mfukoni kunabaki 381,600.

Tuseme sheria ingemhurumia ikamtolea ile 100,000. Kodi ingeshuka hadi 10,400. Ameokoa shilingi ngapi? Elfu nane tu! Hiyo 92,000 nyingine bado imetoka kwenye jasho lake. Kumbe mtu wa kubanana naye ni mwajiri, maana yeye ndiye anayefaidi safari zile.

POSHO AU RISITI?

Hapa ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Bosi anasema, "Kijana, nakuongezea posho ya mafuta laki moja." Unashangilia! Lakini posho ya jumla namna hiyo inahesabiwa kama mshahara. Sasa una 600,000, na kinachozidi 520,000 kinakatwa asilimia 20. Kodi inapanda mpaka 36,000. Kwenye ile laki, 17,600 imeondoka. Kwa mwaka ni 211,200, hela ya kubadilisha tairi zote mbili na chenji ikabaki.

Njia ya pili ni kurudishiwa ulichotumia. Kifungu cha 7 kinaacha nje malipo ambayo ni marejesho matupu ya fedha uliyotumia kwa ajili ya kazi tu. Unapeleka risiti za 100,000, unarudishiwa 100,000, kodi inabaki 18,400. Laki ile ile, lakini haikatwi hata senti.

Ukimwona jirani yako mtumishi wa serikali anapokea posho ya usafiri bila kukatwa, usimwonee wivu ukadhani kuna mchezo. Kifungu hicho hicho kinaitoa nje ya kodi posho ya usafiri ya mtumishi wa serikali, au wa taasisi inayoendeshwa kwa bajeti ya serikali. Wewe wa kampuni binafsi humo.

Wenzetu Uingereza wana utaratibu wao. Mwaka 2024 pikipiki ya mfanyakazi ilikuwa inahesabiwa peni 24 kwa kila maili ya kazi bila kodi, na bosi akilipa pungufu, mfanyakazi anapata nafuu ya kodi kwa ile tofauti. Marekani waajiriwa nao walikuwa na punguzo la namna hiyo, likasimamishwa kuanzia mwaka 2018.

UFANYEJE SASA?

Ongea kabla hujasaini mkataba. Usiseme "nipeni posho", sema "nirudishieni mafuta kwa risiti", na iandikwe. Kila unapojaza, dai risiti ya mashine. Nunua daftari dogo, andika tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, kilomita na shughuli. Safari ya nyumbani kwenda ofisini usiiingize, na ya kumpeleka mchumba Lamadi kula samaki ndo kabisa!

NA WEWE MWENYE DUKA?

Kama una biashara yako, unauza mbegu na madawa ya pamba kwa kipikapu chako, mambo ni tofauti. Ukiwa kwenye kodi ya makadirio, unakatwa kwa mauzo, siyo faida. Mwaka 2019 ukomo wa mauzo wa kundi hilo ulipandishwa kutoka milioni 20 hadi milioni 100. Humo mafuta na matengenezo hayakupunguzii kitu, hata gari life kila wiki.

Lakini sheria inakuruhusu kujitoa kwa barua na kulipa kwa hesabu kamili. Hapo mafuta, bima na fundi vinatolewa, mradi ni vya biashara tu. Gari dogo linahesabiwa uchakavu wa asilimia 37.5 kwa mwaka. Kipikapu cha milioni 10 kinakutolea 3,750,000 mwaka wa kwanza, na 2,343,750 mwaka wa pili. Siku za kubebea ndugu kwenda harusini unazitenga. Lakini vitabu lazima viwe safi, na mtunza hesabu naye anataka chake. Kama faida yako ni nono na gari halitembei sana, makadirio yanaweza kukufaa zaidi. Piga hesabu zote mbili kwanza.

Jambo la mwisho: ile ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, zikaongezwa shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Maana yake kila safari unayofanya kwa ajili ya bosi, unamlipia na barabara. Mkumbushe hilo kabla msimu wa pamba haujaanza na safari hazijawa nyingi.

Haya, tukutane wiki ijayo!