Mchoraji Kijana Apewe Kazi na Alipwe Haki Yake

Kijana anayejifunza uchoraji hufikia wakati akahitaji watu wa aina mbili: wa kuzitazama picha zake mpya, na wa kumwagiza kazi. Wa kwanza humpa moyo. Wa pili humpa riziki, pamoja na fedha za kununulia rangi. Kwa kijana wa Nyaishozi, wilayani Karagwe, mkoani Kagera, aliye mbali na maduka ya watalii na majumba ya maonyesho, watazamaji si shida kuwapata. Shida ni waagizaji.

Wako watakaouliza: ya Nyaishozi yatuhusu nini sisi wa visiwani? Nao yafaa wakumbushwe kwamba Unguja na Karagwe zilijuana zamani. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilifika Karagwe, na wafanyabiashara wakaweka kituo chao Kafuro. Speke na Grant, walioondoka Unguja mwaka 1860, walipokewa na Mfalme Rumanyika mwaka 1861. Katika hazina ya wafalme hao, Bweranyange, zilikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Sanaa ile ilidumu kwa kuwa ilikuwa na mwenyewe: ikulu iliitaka, ikaitunza na kuienzi.

Tangu hapo ikulu ya kifalme imeondoka, lakini haja ya mwagizaji haikuondoka. Marehemu Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere na kisha London, alichora maisha ya watu wake mashambani na katika sherehe zao. Mwaka 1960 jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York lilinunua picha yake ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi wakati wa usiku. Mandhari hiyo si ngeni kwa Mnyambo wala kwa Mhaya. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, mchoraji huyo huyo ndiye aliyetumwa London kuwa balozi wetu. Nani basi aseme kwamba uchoraji ni kazi ya waliokosa kazi?

Naye Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, hakupitia chuo chochote cha sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao laini. Aliwafundisha jamaa zake, na alipofariki mwaka 1972 wao waliendelea; mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo, apitaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, huziona picha za mtindo huo zimetundikwa dukani baada ya duka. Hivyo mkono wa fundi wa bara unalisha soko la visiwani, na soko la visiwani linamlisha fundi wa bara.

Lakini lipo la kusikitisha. Fundi seremala akiagizwa kitanda, hakuna anayeona ajabu akidai arbuni ya kununulia mbao. Mchoraji kijana akidai arbuni ya kununulia rangi na turubai, huambiwa ana tamaa. Huagizwa picha ya marehemu mzee wa ukoo, au bango la shule, kisha mlipaji huleta shukrani badala ya fedha. Wengine hudai kwamba mwanafunzi alipwe kwa "kujulikana". Kujulikana hakununui unga. Dini inatufundisha kumlipa kibarua ujira wake kabla jasho lake halijakauka, wala haikumtoa mchoraji katika hesabu hiyo.

Sheria nayo ipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki Na. 7 ya mwaka 1999, na Zanzibar ina Sheria yake ya mwaka 2003. Kwa hiyo anayenakili picha ya kijana na kuiuza bila ruhusa yake hafanyi ujanja wa biashara. Anavunja sheria ya nchi.

Kwa vijana wenyewe, tunashauri hivi. Kila kazi iandikiwe makubaliano mafupi: ukubwa wa picha, bei, arbuni, na siku ya kukabidhi. Atakayechelewesha kazi ya watu asilalamike akikimbiwa. Aidha, wasiridhike na kuiga twiga na tembo wa maduka ya watalii. Karagwe ina migomba, ng'ombe wenye pembe ndefu na historia ya Bweranyange. Hayo hakuna awezaye kuyachora kuwashinda.

Kwa viongozi, neno letu ni fupi zaidi. Halmashauri, shule, zahanati na ofisi za umma, bara na visiwani, zina kuta tupu na mabango ya afya yanayohitaji kuchorwa. Kabla ya kuagiza mabango yaliyochapishwa mjini, iulizwe kwanza: je, hapa petu hapana kijana awezaye kazi hii? Akiwapo, apewe, apimwe kwa ubora wa kazi yake, na alipwe kwa hati ya malipo kama mzabuni mwingine yeyote.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Siasa ya kujitegemea haikuishia kwenye jembe na kinu. Inaihusu na brashi. Kijana wa Nyaishozi haombi sadaka. Anaomba kazi, na malipo yake siku ya kuikabidhi.