Kesho Hushonwa Leo

Ukimpelekea kitenge, fundi cherehani wa mtaani kwetu hukupima bega, kifua na kiuno, akaandika vipimo katika daftari kubwa lenye jalada jeusi, kisha chini yake akaandika siku ya kuchukua nguo. “Njoo Ijumaa,” anasema. Ijumaa ukifika, kitenge kimekunjwa vilevile ulivyokiacha, na kikaratasi chenye jina lako kimebanwa kwa pini. “Basi njoo kesho.” Anayasema hayo kwa moyo mweupe. Namfahamu kwa miaka mingi, na sijamwona akikusudia kumdanganya mteja. Siku aliyoitaja Ijumaa, aliona mkasi ukikata na cherehani ikishona. Hakuuona umeme ukikatika Jumatano, uzi wa rangi ile ukiisha dukani, wala bibi harusi akija mbio Alhamisi kupunguziwa gauni.

Wengi wetu ni mafundi wa namna hii katika maisha yetu wenyewe. Tunaahidi kusoma, kuweka akiba, kujenga, kuacha sigara. Ijumaa inafika na kitenge hakijaguswa. Tunajilaumu kwamba sisi ni wavivu, ilhali sayansi ya miaka hii hamsini inatuonyesha jambo jingine: kutazama mbele ni kazi ya ubongo yenye kanuni zake, na kanuni hizo mtu anaweza kujifunza.

Kosa la kuhesabu siku

Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza tabia ya binadamu kukadiria muda mfupi kuliko ule ambao kazi itauchukua kweli. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Canada kwa wanafunzi 37 waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Waliulizwa watamaliza lini. Kwa wastani walitaja siku 34. Wakaulizwa tena: je, kila kitu kikienda vibaya? Wakataja kama siku 49. Muda waliotumia hasa ulikuwa wastani wa siku 56. Hata walipojilazimisha kufikiria mabaya, hawakuufikia ukweli.

Watafiti waligundua kwamba mtu anapopanga huitazama kazi iliyo mbele yake tu, hatua kwa hatua, kana kwamba ndiyo ya kwanza maishani mwake. Kazi za nyuma zilizochelewa hazimjii akilini, au zikimjia, kila moja huipa udhuru wake. Fundi wetu ana jibu mkononi: kurasa za nyuma za daftari lake. Hazifungui.

Ubongo hujenga kesho kwa vipande vya jana

Uhusiano huu wa jana na kesho umo ndani ya ubongo wenyewe. Mwaka 1981 huko Canada kijana mmoja, anayejulikana katika vitabu vya sayansi kwa herufi K.C., alipata ajali ya pikipiki iliyomuumiza vibaya kichwani. Alipopona aliweza kuzungumza, kusoma na hata kucheza sataranji. Lakini hakuweza kukumbuka tukio lolote la maisha yake kama mtu aliyekuwapo. Mtafiti Endel Tulving, aliyemchunguza kwa miaka mingi, alipomuuliza atafanya nini kesho, K.C. hakuwa na jibu. Kesho yake ilikuwa tupu sawasawa na jana yake.

Mwaka 2007 Demis Hassabis, Eleanor Maguire na wenzao wa University College London walilichunguza jambo hilo kwa wagonjwa watano walioharibikiwa hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika sana na kumbukumbu. Waliwaomba wajione wamelala ufukweni penye mchanga mweupe, kisha waeleze wanachoona. Mtu mwenye afya angetaja maji, minazi, mashua kwa mbali, joto la mchanga mgongoni. Wagonjwa wanne kati ya hao watano walitoa vipande visivyoshikana, picha haikukamilika.

Ndiyo kusema ubongo hauna ghala moja la jana na jingine la kesho. Vipande vilevile vya mambo tuliyoyaona, kuyasikia na kuyatenda ndivyo unavyoviunganisha upya kutengeneza jambo ambalo bado halijatokea. Anayeikimbia jana yake kwa sababu ya aibu ya kushindwa huutupa mtaji wa kujengea kesho yake.

Je, sisi tuna kesho?

Mwaka 1969 mwanafalsafa na mwanateolojia Mkenya John Mbiti alitoa kitabu, African Religions and Philosophy, ambamo alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza mawazo ya Waafrika kuhusu wakati. Alidai kwamba katika fikra za jadi wakati ujao hauendi mbali. Wanafalsafa wengine, akiwamo Kwame Gyekye wa Ghana, walimpinga.

Mimi nasimama na waliompinga, na ushahidi wangu upo kinywani mwa wazee wetu. Kiswahili hakikuishia kesho. Kuna kesho kutwa, kuna mtondo, kuna mtondogoo: siku nne mbele, kila moja na jina lake. Na mtu wa Pwani anayepanda mnazi anajua kwamba atausubiri miaka mingi kabla ya kuangua dafu la kwanza. Watu wasio na kesho hawapandi minazi.

Njozi tamu hulegeza mwili

Hata hivyo kuna namna ya kuitazama kesho inayodhuru. Vijana wetu wanaambiwa kila siku na wahamasishaji wafumbe macho, wajione tayari wamo katika nyumba ya ghorofa na gari jipya. Mwanasaikolojia Mjerumani Gabriele Oettingen ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupima matokeo ya njozi za aina hiyo. Katika utafiti aliouchapisha na Doris Mayer mwaka 2002, wanafunzi waliokaribia kuhitimu nchini Ujerumani waliulizwa kuhusu kazi walizotarajia. Miaka miwili baadaye, waliokuwa wakiota zaidi ndoto tamu za mafanikio walikuwa wametuma maombi machache zaidi, wamepata nafasi chache zaidi na mishahara midogo zaidi. Waliofanikiwa ni wale waliokuwa na matarajio makubwa, yaani waliokadiria kwamba kufaulu kunawezekana kwa kuangalia waliyokwisha kuyatenda.

Mwaka 2011 yeye na Heather Kappes walionyesha kwamba njozi tamu hushusha shinikizo la damu, dalili ya mwili uliotulia. Mtu anapoota amefika, mwili nao hupumzika kama uliofika. Dawa anayoipendekeza Oettingen ni kuweka mambo mawili kando kwa kando: kwanza jione umefikia lengo, kisha papo hapo jiulize ni kitu gani ndani yako kitakachokuzuia.

Nguvu ya “-ki-”

Kikwazo kikishajulikana, kinahitaji mpango. Peter Gollwitzer alifanya jaribio maarufu Ujerumani: wanafunzi waliombwa waandike taarifa ya jinsi walivyoutumia mkesha wa Krismasi na kuituma ndani ya saa 48. Wengine walikubali tu. Wengine walitakiwa pia kuamua wataiandika wapi na saa ngapi. Kati ya waliokubali tu, waliotuma ni kama theluthi moja. Kati ya walioamua mahali na saa, waliotuma ni karibu robo tatu.

Kiswahili kimeibeba hekima hii katika silabi moja. “Nitasoma” ni nia. “Nikimaliza kuosha vyombo, nitasoma kurasa tano” ni mpango, kwa sababu ile “-ki-” imeifunga kazi ngumu kwenye jambo litakalotokea lenyewe. Vyombo vitaoshwa tu, na vikishaoshwa, vinakukumbusha. Vivyo hivyo kwa kikwazo: “Rafiki akiniita kijiweni kabla sijamaliza, nitamwambia nakuja baada ya nusu saa.” Huhitaji kuanza kushindana na nafsi yako muda ule, maana uamuzi ulikwisha kutolewa.

Kesho inayoaminika

Lakini tusimbebeshe mtu mmoja mzigo wote. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa University of Rochester, Marekani, waliwapa watoto 28 jaribio la kusubiri: kula peremende moja sasa, au kungoja na kupata mbili. Kabla ya hapo nusu yao walikuwa wameahidiwa vifaa bora vya kuchorea wakaletewa. Nusu nyingine waliahidiwa, mtu mzima akarudi mikono mitupu. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Waliovunjiwa walisubiri 3. Mtoto aliyekwisha kudanganywa ana haki ya kula leo.

Magharibi mwa Kenya, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya kazi na wanachama wa vyama vya mzunguko, kama upatu wa Tanzania. Baadhi walipewa kisanduku cha chuma chenye tundu la kuingizia fedha, pamoja na kufuli na ufunguo wake. Baada ya mwaka, matumizi yao katika kinga ya afya, kama vyandarua na dawa ya kusafisha maji, yalipanda kwa asilimia 66. Fedha iliyokuwa na mahali pake na kazi yake haikuchotwa ovyo, na ilikuwa rahisi kumweleza jamaa anayekopa kwamba ina shughuli. Kisanduku ambacho ufunguo ulishikwa na mfanyakazi wa mradi hakikuleta faida hiyo. Maskini anahitaji akiba anayoweza kuifikia mtoto akiugua usiku.

Wiki chache zilizopita nilimwomba fundi tufungue kurasa za nyuma za daftari lake. Tulihesabu nguo kumi za mwisho, siku aliyoahidi na siku nguo ilipochukuliwa. Karibu zote zilikuwa zimechelewa, na nyingi kwa takriban wiki nzima. Alinyamaza, akashika kalamu, akafuta “Ijumaa” aliyoniandikia na kuweka Ijumaa ya wiki iliyofuata. Siku hiyo nilipofika, shati langu lilikuwa limetundikwa ukutani, limepigwa pasi.

Nawe usiku wa leo, kabla ya kulala, fungua daftari lako. Tazama kazi ya jana ilikuchukua siku ngapi. Taja lengo moja, taja kikwazo chake, kisha andika sentensi moja yenye “-ki-” ndani yake. Na kama kuna mtoto uliyemwahidi kitu, mtimizie, maana hapo ndipo anapojifunza kwamba kesho ipo.